Surf ya dagaa imegoma kuwaka: shajara ya siku kumi na mbili

Jumamosi, siku ya 1

Haya tuanze. Gari ni Toyota Hilux Surf ya 1997, KZN185, injini 1KZ-TE, dizeli, silinda nne, cc 2982, ina turbo, ni otomatiki. Imelala miezi saba hapa kwangu Kitangiri, Mwanza, chini ya mwembe katikati ya haya majabali yetu, toka mimba ilipofika mahali usukani unanigusa tumbo nikaona basi ngoja nijifungue kwanza. Mtoto sa hivi ana miezi minne na nusu, anacheka na kila mtu, na mimi nataka kurudi kazini. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua Mwaloni pale Kirumba, napakia magunia nyuma, napeleka Katoro kule Geita.

Mwezi sa hivi ni mkubwa, usiku ziwa linang'aa kama bati jipya, mitumbwi ya dagaa imelala maana dagaa anafuata taa na kwenye mbalamwezi taa haina kazi. Nimehesabu, giza linaanza baada ya siku kumi na mbili hivi. Kwa hiyo nina siku kumi na mbili za kuiwasha hii gari, nikishindwa nakodi Noah ya watu na faida yote inaishia kwenye kukodi.

Leo nimefungua mlango harufu ikanipokea, dagaa wa mwaka jana bado wapo kwenye kapeti. Nikaweka funguo. Taa za dashibodi zikawaka hafifu, ya oili ipo, ya betri ipo, ya chekinjini haikuwaka kabisa nikasema afadhali, angalau injini haina kosa. Nikapiga stata: tak. Moja tu. Afu kimya.

Kwa ambao watauliza kwa nini sijaita fundi, nimeshawahi, gari hii hii miaka miwili nyuma nilipeleka mahali wakabadilisha vitu vinne kwa kukisia na cha nne ndo kilikuwa chenyewe, vitatu nililipia bure. Mimi nilisoma umeme wa majumbani VETA kabla ya dagaa, mita naijua. Safari hii hakinunuliwi kitu hakijapimwa. Ndo sheria ya mradi huu.

Jumapili, siku ya 2

Betri. Hii Surf ina betri mbili, zile za Japani za sehemu za baridi, zote volti 12 na zimeungwa chanya kwa chanya hasi kwa hasi. Watu wengi wanadhani ni volti 24 kama lori, hapana. Nikazitenganisha kwanza ndo nikapima, maana zikiwa zimeungwa mita inakuonyesha wastani wa uongo. Ya kulia 12.1, ya kushoto 10.4.

Betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6 ikiwa imetulia. 12.1 ni njaa tu, ikilishwa inapona. 10.4 ina chumba kimoja kimekufa, kila chumba kina volti mbili na kidogo, fanya hesabu mwenyewe. Na ubaya wake hiyo mfu ilikuwa inamnyonya mwenzake miezi saba yote. Nimeitoa kabisa. Mwanza si Hokkaido, betri moja nzima inatosha kuwasha hii injini. Hiyo ya kulia nimeipeleka kwa kijana wa kuchaji pale chini barabarani, alale nayo usiku.

Mzee jirani yangu kapita na fimbo yake, "Mwangaluka mayu," nikaitikia, akazunguka gari mara moja akasema hizi gari zenye turbo ndo tabu yake, turbo ikikaa bila kazi inaganda. Nikasema sawa mzee tutaangalia.

Jumatatu, siku ya 3

Betri imerudi, 12.7. Nikafunga, nikapiga stata, injini ikazunguka lakini kivivu, kama mtu kaamshwa saa kumi alfajiri. Hapa wengi wangenunua stata. Mimi nikamwita kijana wangu wa dukani akae kwenye swichi, nikaweka mita kwenye betri wakati anapiga: 10.8. Hiyo ni nzuri, ingeshuka chini ya 9.6 ningesema betri haina nguvu. Betri ina nguvu, stata haipati nguvu, basi kuna mahali katikati zinapotelea.

Kuna kipimo kimoja nakipenda sana. Unaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini penyewe, afu mtu apige stata. Kama waya wa ethi ni mzima mita isome karibu na sifuri, nusu volti ndo mwisho wa uvumilivu. Yangu ilisoma 1.7. Volti karibu mbili zinaliwa na waya mmoja! Nikaufuata, kichwa chake kwenye injini kimeota unga wa kijani na mweupe. Maji ya dagaa na chumvi tunayowatia yanaingia kila mahali, gari la dagaa linazeeka kama mtumbwi. Nikafungua bolti, msasa, nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kwa juu, nikarudisha. 0.2.

Sasa stata inazungusha kwa hasira kabisa. Na gari haiwaki.

Nikatulia nikaenda nyuma kuangalia bomba la moshi huku kijana anapiga. Hamna moshi. Hata kidogo. Hii ni habari kubwa kwenye dizeli. Dizeli haina plagi ya cheche, yenyewe inabana hewa mpaka inakuwa ya moto ndo mafuta yanarushwa ndani yanajiwakia. Ukipiga stata ukaona moshi mweupe maana yake mafuta yanafika ila hayachomeki, hapo utaangalia hita plagi (zile zinazopasha ndani ya injini moto kabla ya kuwasha), kubana kwa injini, taiming. Usipoona moshi wowote maana yake mafuta hayafiki. Kwa hiyo hita plagi sijazigusa kabisa ingawa watu watatu wameniambia nizibadilishe.

Jumanne, siku ya 4

Leo nilikuwa na wageni. Fundi mmoja wa Nyakato, ni shemeji yangu kwa mbali, kaja kusalimia mtoto, akaona boneti iko wazi, basi. Na kijana wa bodaboda. Na mzee jirani. Wote watatu wanasema turbo.

"Shemeji hii turbo imekufa, tuitoe tufunge bomba la moja kwa moja, utatembea bila presha."

"Shemu, turbo inaendeshwa na nini?"

"Na moshi."

"Moshi uko wapi?"

Akacheka, lakini hakukubali. Sasa niandike hapa kwa faida ya wote maana hii kesi ya turbo naisikia kila siku. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja, moja inasukumwa na moshi unaotoka, nyingine inasukuma hewa inayoingia. Wakati unapiga stata hakuna moshi wa maana, turbo imekaa tu, injini inavuta hewa yake kawaida kupitia humo humo. Turbo ikifa gari inakosa nguvu, inakula oili, inatoa moshi wa bluu, inapiga filimbi. Haizuii gari kuwaka, labda ivunjike vipande vizibe njia ya hewa, au imwage oili nyingi kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo.

Ili yaishe nikafungua hosi ya hewa mbele yao. Feni nikaizungusha kwa kidole, inazunguka laini haigusi kuta. Nikaishika shafti nikaitikisa: kushoto kulia inacheza kidogo sana, hiyo ni kawaida maana shafti inaelea kwenye oili na sa hivi hamna presha ya oili. Mbele nyuma haichezi kabisa, na huko ndo isicheze. Ndani ya hosi kuna unyevu wa oili, si dimbwi. Turbo haina kesi. Mzee jirani kaangalia kakaa kimya, afu akasema, "Labda inajifanya."

Shemeji akataka apulizie petroli kwenye njia ya hewa "aiamshe". Nimekataa. Kwenye hii injini hita plagi zinawaka ukifungua swichi, na petroli inaweza kujiwakia kabla pistoni haijafika juu, utapinda koni rodi au utalipua mpira wa hewa na nyusi zako. Nimeona mtu Igoma amepoteza pistoni mbili kwa mchezo huo.

Kitu kimoja nimefanya kabla hawajaondoka, nimefungua kifuniko cha kuwekea oili nikachungulia wakati stata inapigwa, shafti ya juu inazunguka. Maana yake taiming belti, mkanda unaoizungusha, haijakatika. Dakika moja, bure, na roho inatulia.

Alhamisi, siku ya 6

Jana mtoto alikuwa na homa kidogo sikugusa gari.

Leo mafuta. Nimefungua kibolti cha chini ya filta, kimetoka kikombe kizima cha maji kabla ya dizeli, na kwenye maji kuna utando mweusi kama mrenda. Hawa ni wadudu wale wadogo wanaoishi kwenye dizeli yenye maji, tenki ikikaa nusu kwa miezi na hewa ya ziwani hii yenye unyevu, usiku inapoa, maji yanatonesha ndani ya tenki. Ningeacha tenki limejaa yasingepata nafasi. Nimemwaga tenki lote, lita ishirini na kitu, nimeziacha kwenye dumu zitulie, nimeosha kwa dizeli safi, filta mpya, hii nimenunua bila kupima lakini maji nimeyaona kwa macho kwa hiyo sheria haijavunjwa.

Juu ya filta kuna kile kibonyezo cha kupampu kwa mkono. Ukipampu inatakiwa kiwe kigumu baada ya muda, yaani mafuta yamejaa hewa imetoka. Nimepampu mpaka kidole gumba kimekufa ganzi na bado laini kama mandazi. Hewa inaingia sehemu.

Hapa nimetumia akili niliyoipata hospitali wakati wa kujifungua. Mrija wa dripu! Nimeenda duka la dawa nimenunua seti mpya, buku mbili, nikakata mrija nikaufunga kwa klipu kati ya bomba linalotoka tenki na filta. Mrija unaonyesha, ukipampu unaona kila kitu. Nikaona povu, mafuta hewa mafuta hewa kama treni na mabehewa. Kwa hiyo hewa inaingia kabla ya mrija, upande wa tenki. Nikaingia chini, kuna mpira mfupi juu ya tenki, ukiukunja unaona nyufa. Mafuta hayavuji nje kwa sababu pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo hewa ndo inaingia ndani na wewe chini huoni tone hata moja. Mpira mpya, wa mafuta kabisa si wa maji, klipu mbili. Nikapampu, mrija umejaa dizeli tupu haina hata pointi, kibonyezo kigumu kama jiwe la Bismarck.

Nimeosha mikono kabisa nikiamini imeisha. Nikapiga stata sekunde kumi, nikapumzisha dakika, tena, tena. Hamna. Hamna hata moshi.

Nikashika spana namba 17 nikalegeza nati za nozeli zote nne pale juu, zile zinazorusha mafuta ndani ya silinda, kijana akapiga stata. Kavu. Zote nne kavu. Mafuta yanafika kwenye pampu na pampu haitoi.

Nimekaa kwenye jiwe nimeangalia ziwa. Giza liko siku sita mbele. Bei ya pampu ya 1KZ naijua, hata ile iliyotumika, na sitaki kuiandika hapa.

Ijumaa, siku ya 7, ila ni saa nane usiku

Mtoto ananyonya, mimi nawaza. Pampu ya hii injini haifanyi kazi kwa mashine peke yake, ina kivali cha umeme kwa juu, SPV wanakiita. Kikipata umeme kinafunga, presha inajengeka, mafuta yanaenda kwenye nozeli. Kikikosa umeme kinabaki wazi na mafuta yanarudi yalikotoka. Jioni nilikipima, 1.3 omu, kipimo chake ni kati ya 1 na 2, kwa hiyo ni kizima. Anayekiamuru ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Sasa kontroli boksi inasema nini?

Na hapo hapo ndo nikaona nilivyo mjinga. Taa ya chekinjini.

Siku ya kwanza niliandika humu humu kwamba haikuwaka nikasema afadhali. Afadhali! Ile taa ukifungua swichi kabla ya kuwasha LAZIMA iwake, ndo boksi linakusalimia, linasema nipo. Injini ikiwaka ndo inazima. Isipowaka kabisa ni balbu imeungua au boksi limekufa au boksi halina umeme. Wiki nzima nimeipita hiyo taa kama mtu anayempita mwenye nyumba mlangoni bila salamu afu anashangaa hafunguliwi. Nimetamani niamke niende na tochi lakini kuna mtu ameshika titi haachii.

Ijumaa mchana, siku hiyo hiyo

Kwenye boksi la fyuzi, fyuzi ya EFI nzima, nimeipima pande zote mbili si kuiangalia kwa macho tu. Nikaweka kidole juu ya rilei ya EFI, ile swichi ya umeme inayolipa boksi umeme wake, kijana akafungua swichi. Inatakiwa uhisi inagonga, tk. Haigongi. Nikaibadilisha na nyingine ya aina ile ile pembeni, haigongi. Rilei si mbovu basi, hakuna anayeiita.

Boksi liko nyuma ya droo ya mbele upande wa abiria. Nikatoa droo. Kwanza zikaanguka punje za kitu cheusi, nikajua hapo hapo. Afu kipande cha khanga, afu sufi ya godoro, afu kichwa cha dagaa. Vichwa vya dagaa. Gunia zima la vichwa vya dagaa jamani! Panya wamejenga nyumba ya vyumba na sebule nyuma ya droo yangu, na ukuta mmoja wa nyumba ni mafungu ya waya za kontroli boksi. Sina haki ya kumlaumu panya, nimemwachia gari inayonuka chakula miezi saba.

Waya tatu. Mbili zimetafunwa ganda tu shaba inaonekana, wa tatu umekatika kabisa, na ndo ule unaopeleka habari ya swichi kwenye boksi. Nimehakikisha kwa mita: upande wa swichi 12.5, upande wa boksi sifuri. Ile furaha ya kuona hiyo sifuri siwezi kuielezea, kununua pampu nimeahirisha kwa sentimita moja ya waya.

Panya mwenyewe hakuwepo. Vitoto vilikuwepo vinne. Hiyo sehemu siandiki.

Jumamosi, siku ya 8

Nimetoa vichwa vya betri kwanza ndo nikashika waya. Nimesoda, sijasokota na kuzungushia gundi ya nailoni. Waya za kontroli boksi zinabeba umeme mdogo sana, kiungo kikiota kutu kidogo tu boksi linapata habari za uongo na utatafuta ugonjwa huo mpaka uzeeke. Kwa hiyo nimemenya, nimeongezea kipande cha waya wa unene ule ule, nimesoda, nimevisha mpira ule unaosinyaa ukiupasha moto. Waya tatu, saa moja na nusu, kichwa chini miguu juu kwenye kiti cha abiria. Mzee jirani kapita kaona miguu tu, kauliza kama nimezimia.

Betri ikarudi. Funguo. Nikafungua swichi taratibu.

Imewaka. Kataa kadogo ka rangi ya chungwa, kenye picha ya injini. Nimepiga kigelegele mtoto akaamka.

Sikupiga stata bado. Kwenye boneti kuna kile kisanduku cha uchunguzi, ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa waya mfupi afu ukafungua swichi, taa ya chekinjini inaanza kupepesa namba za makosa. Ikipepesa haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika maana yake hakuna kosa. Yangu imepepesa kwa mwendo mmoja. Hizi gari za zamani nazipendea hili, hazihitaji kompyuta ya mtu, kipande cha waya tu zinaongea.

Nati za nozeli bado zimelegea. Stata, sekunde tano, dizeli ikaruka namba moja, namba tatu, zikafuata nyingine. Nikakaza zote. Oili nilishabadilisha Alhamisi jioni nikiwa na hasira. Nikapiga stata.

Sekunde saba nane hivi, ikakohoa. Ikakohoa tena. Afu ikawaka kwa silinda tatu, inatikisika kama lori la mchanga, moshi mweupe umefunika mwembe na nguo za jirani na mzee na fimbo yake. Kama dakika hivi silinda ya nne ikaingia, moshi ukakata, ikatulia. Gruuu ile yenyewe.

Kijana akataka kukanyaga mafuta nikampiga mkono. Hapa ndo turbo inaingia kwenye habari hii kwa haki. Ile shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na inalindwa na oili tu. Gari iliyolala miezi saba oili yote imeshuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ukikanyaga kabla haijafika juu unaisaga kavu kavu. Kwa hiyo nimeiacha ikiunguruma taratibu dakika tano. Na kuzima pia, ukitoka mwendo mkali usizime hapo hapo, iache dakika moja mbili, ukizima ghafla oili inakwama kwenye turbo iliyo ya moto inaungua inakuwa makaa. Watu wanaua turbo kwa kuzima afu wanasema turbo ni mbaya.

Jumatatu, siku ya 10

Kapeti nje, nimelifua kwa sabuni na limao, jua la saa sita limefanya kazi yake. Nyuma ya droo nimefunga wavu wa chuma wa madirishani. Jirani wa pili ana paka watatu, mmoja hana kazi, tumeongea. Betri ya pili bado, moja inatosha kwa sasa.

Jumatano, siku ya 12

Safari ya majaribio, tupu bila mzigo. Kitangiri, mjini, Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa, Usagara, mpaka Kigongo. Pale juu ya kilima kabla ya Usagara nimekanyaga kidogo, turbo ikaingia na mluzi wake mwembamba, gari ikapanda kama haina habari na kilima. Joto katikati, hamna moshi wa bluu, hamna mweusi.

Zamani Kigongo ndo ilikuwa hofu yangu kubwa, foleni ya kivuko, unazima gari unaingia unasubiri, na gari ikigoma kuwaka mbele ya foleni utatukanwa kwa lugha zote za kanda ya ziwa. Toka Juni 2025 ni daraja, kilomita tatu juu ya maji, unapita tu mpaka Busisi. Nimevuka na dirisha wazi.

Upande wa Busisi nimesimama kununua maji, nikaiacha iungurume dakika mbili, nikazima. Makusudi, nilitaka kuona. Dakika kumi baadaye nikapiga stata. Taa imewaka, boksi lipo, stata ina nguvu, na gari inazunguka, inazunguka, inazunguka. Sekunde kumi na mbili ndo ikashika. Asubuhi injini ikiwa ya baridi ilishika kwa sekunde moja.

Nikaizima tena. Nikalowanisha kitambaa cha mtoto kwa yale maji ya kunywa nikakilaza juu ya pampu, nikasubiri ipoe kidogo, nikapiga: sekunde mbili. Basi nimeshajua. Pampu imeanza kuchakaa ndani, dizeli ikiwa ya moto inakuwa nyepesi inapenya pembeni, presha haijengeki kwa mwendo wa stata. 1KZ nyingi zikizeeka zinaishia hapo. Si ya leo, inavumilika, ila iko kwenye foleni, nyuma ya betri.

Wakati natoa kitambaa kijana mmoja wa pale stendi kasogea, kaangalia boneti, katikisa kichwa. "Dada, hiyo ni turbo."

Usiku nimesimama kwenye jiwe la nyuma ya nyumba. Mwezi umechelewa kutoka, na kule mbele taa za mitumbwi zimeanza, moja moja, nimehesabu kumi na saba kabla mtoto hajalia. Kesho saa kumi na moja alfajiri niko Mwaloni. Kitambaa kiko kwenye droo, na chupa ya maji ya lita moja.